Vifaa vya Watoto Kumi

Mimi sinunui chaki za bei ya chini. Naanza na hilo ili mnijue mapema. Chaki za bei ya chini hukwaruza ubao, huvunjika mkononi, na watoto huziba masikio na kupiga kelele kama wamechinjwa. Miaka thelathini na minane nimefundisha wadogo katika kijiji cha Gorno Elhovo, darasa la kwanza hadi la nne, na kila Septemba naingia kwenye duka la Evlogi mjini na orodha yangu mkononi, na kila Septemba tunagombana kuhusu chaki.

Alhamisi ile duka lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Shule hufunguliwa tarehe kumi na tano, mwaka huu ikaangukia Jumatatu, na wazazi wa Bulgaria nzima hukumbuka madaftari wiki hiyohiyo moja. Evlogi alikuwa nyuma ya meza anatoka jasho, penseli sikioni, shati limechomoka.

"Mwalimu Nedyalka!" akaita juu ya vichwa vya watu. "Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kununua. Matusi ni nyongeza."

"Haya, soma orodha. Watoto wangapi mwaka huu?"

Hapo nikakwama. Walioandikishwa darasa la kwanza walikuwa tisa, na darasa la kwanza halifunguliwi chini ya watoto kumi. Ndivyo ilivyoamuliwa wilayani, na mwisho wa kuandikisha ulikuwa kesho yake, Ijumaa, saa sita mchana. Ikibaki tisa, basi hao tisa wanapakiwa kwenye gari kila asubuhi, watoto wa miaka saba, kilomita ishirini na tano za kona mpaka mjini na kona zilezile kurudi. Shule yetu inabaki na madarasa matatu. Mwakani mawili. Halafu anakuja mtu na kufuli. Nimeviona vijiji vilivyofungiwa shule, na havichukui muda mrefu kabla hata mwenye duka la mikate hajafungasha virago.

"Kumi," nikasema.

"Mimi nilisikia ni tisa."

"Evlogi, masikio yako yana nini leo? Nimesema kumi. Madaftari ya mistari mipana, kumi kumi. Penseli laini. Mikasi ya ncha butu, kumi. Vijiti vya kuhesabia, mafungu kumi. Rangi za maji, na usinipe zile za mwaka jana, kijani kilikuwa kama maji ya kuoshea vyombo."

"Na chaki?"

"Zile nzuri. Wewe unazijua."

"Zile nzuri zimepanda bei."

"Na wewe umepanda unene, mbona nimenyamaza?"

Watu wakacheka. Evlogi naye akacheka, akaanza kurundika vitu mezani. Nilipoyaona madaftari yamepangwa, mafungu kumi, nikayahesabu tena kwa kidole. Nilikuwa nanunua vitu vya mtoto asiyekuwa wangu.

Mtoto mwenyewe nilimjua. Jina lake Siyana, binti wa Veneta. Na Veneta nimemfundisha mimi. Nilimshika mkono nikamwonyesha herufi ya kwanza, nikamng'oa jino la kwanza kwa uzi, sasa ni mama, anashona kwenye kiwanda cha nguo mjini na kila siku anapanda basi la asubuhi. Jumatano nilikwenda kwake kumwomba. Alinikaribisha kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Wewe una miaka mingapi?"

"Sitini na moja. Kwani ninakuja kuposa?"

Hakucheka. "Mwakani utastaafu. Siyana atakuwa ameshakuzoea, halafu unatuachia mtu tusiyemjua, au hamna mtu kabisa. Bora aanze mjini moja kwa moja, amalize na mwalimu mmoja."

"Nani kasema nastaafu?"

"Niangalie machoni useme hustaafu. Si ndivyo ulivyotufundisha? Mtu akisema kweli anaangalia machoni."

Mimi nikatazama kikombe. Nilimkumbuka dada yangu mdogo anayeishi Burgas, mji wa pwani. Ana chumba kinachotazama bahari, ameshapaka rangi, ameshanunua na kitanda, na mimi nilikuwa nimeshamwambia, Juni nakuja, mdogo wangu, nimechoka. Niliiacha kahawa nusu, nikaaga, nikarudi nyumbani nimenuna. Nilimkasirikia Veneta kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Basi ndiyo maana pale dukani niling'ang'ania kumi. Wengine husali, mimi hununua.

Evlogi alipomaliza kufunga, nikakumbuka jambo jingine. Nilikuwa nimelipanga usiku kucha: matangazo. Nibandike kijiji kizima kwamba darasa la kwanza lipo na mwalimu yupo. Labda Veneta akiliona asubuhi akienda kituoni, roho itamlainika. Labda kuna bibi mahali ana mjukuu ambaye sijamsikia.

"Una nafasi ya kunichapia kitu?" nikamwuliza.

Kwenye kona ana kompyuta na mashine ya kuchapa. Mwaka mzima mashine ile ndiyo inayomlisha, mialiko ya harusi kidogo na tanzia nyingi, kwa sababu siku hizi vijijini kwetu tunazika zaidi kuliko tunavyoozesha. Hata siku ile familia mbili zilikuwa zimekaa kwenye viti zinasubiri za kwao, zimevaa nyeusi, kimya, katikati ya watoto wanaogombania mabegi.

"Haraka haraka," Evlogi akasema. "Umeandika?"

Nikampa karatasi. Nilikuwa nimeandika hivi: *Mwalimu Nedyalka Tsonkova. Darasa la kwanza. Watu wote mnakaribishwa Jumatatu, 15 Septemba, saa tatu asubuhi, uwanja wa shule.*

"Weka na picha," akasema. "Bila picha hakuna anayesimama kusoma."

Nilikuwa na picha moja kwenye pochi, ile ya kitambulisho, ya miaka minane iliyopita. Nimekaza uso, nywele zimebanwa. Akaichukua, akaiweka kwenye mashine, akagonga gonga.

"Mpangilio ninao tayari," akasema. "Picha juu, jina kati, habari chini. Watu wameuzoea."

"Weka huohuo. Rangi gani?"

"Nyeusi tu. Wino wa rangi umeisha tangu juzi, wazazi wameumaliza na vibandiko vya madaftari."

Akanipa karatasi kumi na mbili. Miwani yangu niliiacha shuleni juu ya daftari la mahudhurio, kwa hiyo nilizisogeza mbali, nikakunja macho. Niliona sura yangu, naonekana mtu mwenye heshima zake. Nikaona na mstari mnene mweusi umezunguka pembeni.

"Huu mstari umependeza," nikasema.

"Eeh," akajibu Evlogi, akiwa ameshamgeukia mteja mwingine.

Nilishuka kijijini jioni, jua bado lipo. Mabegi yalikuwa mazito lakini nilikuwa na selotepu mpya, na sikutaka kulala kabla sijamaliza. Nikabandika kituo cha basi. Nikabandika mlango wa duka, ambalo lilikuwa limeshafungwa, na posta, na lango la kanisa, na nguzo za umeme barabara nzima. Ya mwisho nikaibandika kwenye lango langu mwenyewe, kwa sababu watu wengi hupita hapo asubuhi. Nikala mkate na jibini, nikalala kama gunia.

Asubuhi nilikuwa jikoni upande wa nyuma, nakata karatasi za rangi kutengeneza namba za ukutani. Nimefika namba sita nikasikia kilio. Si kilio cha mtoto, kilio cha msiba, kile cha kuvuta. Kilitoka upande wa barabara. Nikaweka mkasi chini, nikajiambia, Mungu wangu, nani tena? Nikazungukia njia ya bustanini na aproni yangu kiunoni, nikatokea barabarani nyuma ya watu. Walikuwa kama kumi na watano wamesimama mbele ya lango langu, wamenipa mgongo. Wanaume wamevua kofia. Mbele kabisa alikuwa jirani yangu Bibi Gergina, mwenye miaka themanini na mbili, anajipiga kifua.

Nikamgusa bega taratibu. "Bibi, nani amefariki?"

"Mwalimu," akalia bila kugeuka. "Nedyalka wetu. Hata kuugua hakuugua!"

Na mimi, haki ya Mungu sisemi uongo, moyo ulinipasuka. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilimhurumia sana yule Nedyalka. Nikawaza, masikini, na watoto je?

Halafu nikaiona ile karatasi langoni, kwa mbali, jinsi watu wanavyoiona. Karatasi nyeupe, mpaka mweusi, picha juu, jina chini. Kwetu mtu akifa ndivyo anavyobandikwa: kwenye nguzo, kituo cha basi, mlango wa duka, na kwenye lango la nyumba yake ili kila mtu ajue ni hapa. Mtu aliye hai habandiki sura yake popote, isipokuwa wagombea wa uchaguzi, na hao hubandikwa kwa rangi. Nani atasogea kusoma maneno madogo ya chini? Ukiona mpaka mweusi na sura unayoijua, unavua kofia na unatafuta maua.

"Bibi Gergina," nikasema, "ni mimi."

Akageuka. Akapiga ukelele ambao nadhani waliusikia mjini. Akafanya ishara ya msalaba mara tatu, halafu akanishika shavu, akalifinya kwa nguvu zote.

"Una joto," akasema.

"Naumia pia!"

"Una joto! Mwendawazimu wewe! Mpumbavu!" Akaanza kunipiga na mkoba wake, begani, mgongoni, huku machozi yanamtiririka. "Nimelia tangu alfajiri! Nimechemsha ngano ya msiba, kilo mbili! Nani kakutuma ujiandike umekufa?"

"Ni tangazo la shule! Someni, jamani! Kwani mlisoma kwa nani nyinyi?"

Hapo wakasogea wote kusoma, na vicheko vikaanza nyuma, vikaja mpaka mbele. Fundi wa matrekta, aliyekuwa mwanafunzi wangu mtoro kuliko wote, alikaa chini barabarani akacheka mpaka akakohoa. "Mwalimu," akasema, "mimi nilikuwa nimeshakusamehe yale makofi. Sasa itabidi nianze upya."

Mkuu wetu wa shule, Bwana Dochev, akafika na gari lake. Akashuka amevaa tai nyeusi, mkononi shada la maua, uso umemshuka. Aliponiona akaegemea boneti ya gari.

"Nimewapigia wilayani," akasema kwa sauti ndogo. "Saa moja na nusu. Nimewaambia mwalimu amefariki."

"Umewaambia nini?"

"Wakasema, basi hakuna haja ya kusubiri saa sita. Watoto tisa na mwalimu hakuna. Wanafunga orodha."

Kicheko kikanikauka. Kumbe nilikuwa nimeliua darasa kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa selotepu ya watoto. Niliwaona wale tisa kwenye gari, vichwa vinagonga dirisha kwenye kila kona. Nikashika lango.

Ndipo Veneta akatokea kutoka upande wa kituo. Alikuwa anakimbia, amemshika mwanawe mkono, begi la kazini limemning'inia kiwikoni. Basi lake lilikuwa limeondoka zamani. Macho yalikuwa mekundu. Alipofika karibu akaniona katikati ya watu, akasimama, akamwachia mtoto mkono.

"Mwalimu?"

"Nipo, binti yangu. Ni upuuzi. Ni mashine ya Evlogi na macho yangu."

Nilidhani atacheka au atanitukana. Hakufanya hata kimoja. Alinikumbatia shingoni kama alipokuwa na miaka saba, akalia mbele ya kijiji kizima, na mimi nikawa nampapasa mgongo.

"Nilikuwa kituoni," akasema alipopata sauti. "Nikakuona kwenye kioo cha kituo. Nimekaa pale basi likaja likaenda, halafu nikarudi nyumbani kumchukua Siyana na maua. Unajua nilichowaza? Sikuwaza kustaafu, sikuwaza shule ya mjini. Niliwaza tu kwamba Siyana hatafundishwa na wewe. Hata mwaka mmoja. Na kwamba ni mimi niliyekataa, na kahawa uliniachia nusu."

Siyana alikuwa ananitazama kutoka chini hadi juu. Mtoto mwembamba, nywele kama za mama yake, mkononi ana maua makubwa mekundu ya bustanini. Akaninyooshea.

"Haya ni ya kwako," akasema. "Lakini Mama alisema umekufa."

"Mama yako amekosea. Hebu hesabu, ni mangapi?"

Akahesabu kwa kidole, midomo inacheza. "Manne."

"Manne ni ya marehemu. Kwetu aliye hai hapewi maua ya jozi, mawili, manne au sita. Sasa ufanye nini?"

Akafikiri, paji la uso limekunjana. Bibi Gergina akataka kumsaidia, nikamzuia kwa mkono. Mtoto akachomoa ua moja, akaangalia huku na huku ampe nani, akampa mama yake. Matatu akanipa mimi.

"Sasa u hai," akasema.

Nimeona wanafunzi mia kadhaa wakifanya hesabu yao ya kwanza. Sijawahi kupewa jibu lililonifurahisha kama lile.

Veneta akajifuta uso kwa kiganja. "Bwana Dochev," akasema, "ile orodha unayo?"

Mkuu akaitoa mfukoni. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Veneta akaiweka juu ya boneti ya gari, akaandika jina la binti yake kwenye mstari wa kumi, akatia sahihi. Hakuniuliza neno la kustaafu. Hakuweka sharti. Alirudisha kalamu, akasimama kando ameshika ua lake moja.

"Piga simu," nikamwambia Dochev.

"Watasema wamefunga."

"Saa sita haijafika! Piga!"

Akapiga. Watu wote wakasogea karibu, hata fundi wa matrekta. Tukamsikia Dochev anasema ndiyo, kumi, ndiyo, ameandikishwa sasa hivi. Halafu akawa mwekundu mpaka masikioni. "Hapana," akasema. "Hapana, hajafariki. Yupo hapa. Anasikia." Akanipa simu kama kitu cha moto.

"Naongea na nani?" ikauliza sauti ya mwanamke.

"Nedyalka Tsonkova. Mwalimu wa darasa la kwanza, Gorno Elhovo."

"Nilikuwa nakuandikia rambirambi," akasema.

"Ziweke, zitafaa siku moja. Nina watoto kumi. Ni saa tatu na dakika ishirini."

Nikasikia karatasi zinapekuliwa. "Kumi ni kumi," akasema mwishowe. "Darasa linafunguliwa." Na hapo watu waliomwona Dochev anatabasamu wakaanza kupiga makofi, Bibi Gergina akanikumbatia kiuno, na mimi nikahisi kifua kinafunguka, pumzi inaingia mpaka chini, kama sikuwahi kupumua tangu Agosti. "Lakini," sauti ikaendelea, "hapa naona mwaka wako wa kuzaliwa. Unakaribia kustaafu. Darasa hili linahitaji mwalimu wa kulifikisha la nne, la sivyo mwakani tutarudi palepale. Niandike nani?"

Kelele zilikuwa zinaendelea. Veneta peke yake hakuwa anapiga makofi. Hakuwa amesikia swali, lakini aliniona nimesita, na nadhani alijua. Aliangalia pembeni, kunirahisishia.

Nikawaza bahari ya Burgas, na kitanda kipya, na dada yangu atakavyonikaripia. Miaka sitini na mitano nitakuwa nayo nikimaliza. Nikamwita Veneta kwa jina mpaka akageuka, nikamwangalia machoni.

"Niandike mimi," nikasema kwenye simu. "Mpaka la nne."

Nikasubiri, simu sikioni, mpaka niliposikia anaandika.